Paa Lako Limepimwa; Mpimaji Je, Kapimwa?

Ukishuka matatu Jogoo Road na kuingia ndani ya mitaa ya zamani ya Eastlands, inua macho. Juu ya nyumba nyingi zilizojengwa wakati wa kuelekea uhuru na miaka michache baadaye utaona paa la kijivu lenye mawimbi manene, limeota kuvu nyeusi, pembeni limemeguka. Tunayaita mabati ya asbesto, ijapokuwa si chuma. Ni saruji iliyokandwa pamoja na nyuzi za mawe. Tulipokuwa watoto, kipande kilichoanguka kilikuwa chaki yetu. Tulichorea miraba ya kurukia kwenye sakafu, na kikiisha tulitafuta kingine pale maji ya mvua yanapodondokea. Hakuna mzazi aliyetukemea, kwa kuwa hakuna mzazi aliyejua.

Sasa tunajua. Shirika la Afya Duniani linasema kila aina ya asbesto husababisha saratani: ya mapafu, ya zoloto, ya ovari, na mesothelioma, ile inayoshika utando unaozunguka mapafu na tumbo. Maradhi haya hayana haraka. Mtu huvuta vumbi leo na kuugua baada ya miaka 20, 30, hata 40, wakati ameshasahau paa lenyewe. Kenya iliiweka asbesto miongoni mwa taka hatari katika kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikatoa mwongozo wa namna ya kuiondoa, kuisafirisha na kuizika.

Paa zima lililotulia halitoi vumbi jingi. Hatari huamka linapoguswa na nyundo, msumeno au tingatinga, na miaka hii mipango ya kubomoa nyumba za zamani za kaunti na kusimamisha maghorofa imezidi. Kwa hiyo swali la "hii ni asbesto au siyo?" lafaa lijibiwe kabla fundi hajaegemeza ngazi ukutani.

Maneno haya nakuandikia wewe mwenyekiti wa kamati ya wakazi, wewe mwenye ploti, wewe mwalimu mkuu ambaye madarasa yako yameezekwa vivyo hivyo. Sikufundishi kuondoa paa. Hiyo ni kazi ya watu wenye leseni. Nataka ujifunze kuuliza jambo moja ambalo karibu kila mtu hulisahau: maabara itakayokupa jibu, yenyewe imetahiniwa na nani, na ilipata ngapi?

Jibu linatoka kwenye jicho la mtu

Fundi wa paa atakuambia kwa kutazama tu. Usimlaumu, ila usimtegemee. Viwanda vilipoacha kutumia asbesto, umbo la bati halikubadilika. Mabati ya saruji yaliyofuata yana nyuzi za mimea au za plastiki, na yakishapigwa na mvua na moshi wa jiji kwa miaka kumi huwezi kuyatofautisha na ya zamani. Umri wa nyumba unasaidia kidogo, lakini nani hajui kwamba upepo ukiondoa bati moja, bati lolote linalopatikana ndilo linalorudishiwa? Paa moja laweza kuwa na mabati ya vizazi vitatu.

Ndipo kipande kinapelekwa maabara. Wengi wetu tunadhani huko kinaingizwa kwenye mashine, mashine inatoa jibu. Sivyo. Kwa njia ambayo maabara nyingi duniani hutumia, mchambuzi hukivunja kipande chini ya hadubini ndogo na kutafuta vishungi vya nyuzi. Akivipata, huosha saruji iliyogandamana navyo kwa asidi hafifu, huchomoa nyuzi chache kwa kibano chembamba, akaziweka kwenye kioo pamoja na tone la majimaji yanayopinda mwanga kwa kiwango kinachojulikana. Kisha huzitazama kwa hadubini ya pili, ambayo mwanga wake umechujwa utikisike upande mmoja tu. Hapo anaanza kuzungusha kioo na kusoma rangi.

Asbesto nyeupe, krisotili, huwa imejikunjakunja kama sufi, na ndani ya majimaji ya kiwango cha 1.550 huonyesha buluu na zambarau kadiri inavyogeuzwa. Asbesto ya kahawia, amositi, imenyooka kama njiti za ufagio na hutaka majimaji yanayopinda mwanga zaidi, ya karibu 1.67. Asbesto ya buluu, krosidoliti, hubadilika kutoka buluu kwenda kijivu inapozungushwa, na tabia yake mbele ya mwanga ni kinyume cha zile mbili. Zipo nyingine tatu, tremoliti, aktinoliti na anthofiliti, ambazo ni nadra zaidi kwenye mabati ya kuezekea.

Yote hayo hutegemea mkono uliochomoa nyuzi na jicho lililosoma rangi. Mkono na jicho huchoka, hukosea, na huzoea. Mchambuzi aliyeona krisotili asubuhi nzima huanza kuiona hata pale isipokuwepo.

Mahali pa kukosea ni pengi. Kibano kisichofutwa vizuri hubeba unyuzi wa paa la jirani na kuutia kwenye sampuli yako. Ukaambiwa una asbesto kumbe huna, na kamati ikaingia gharama ya kuondoa taka hatari ambazo hazipo. Kosa la pili ni la haraka. Mabati mengi ya zamani yalichanganywa krisotili na kidogo cha amositi au krosidoliti. Mchambuzi akiona krisotili akaridhika na kufunga kitabu, ile ya buluu, iliyo kali zaidi kwa mesothelioma, haitaandikwa popote. Lipo pia kosa la kuona nywele, utando wa buibui au nyuzi za plastiki na kuzipa jina la asbesto, maana baadhi yake hung'aa vilevile ukizitazama kijuujuu.

Nalisisitiza kosa la nne kwa sababu ya mitaa yetu. Nyumba zikiungua, na Eastlands tunajua mioto ya stima na ya jiko la gesi, joto kali hubadilisha nyuzi. Krosidoliti huanza kupoteza buluu yake na kuelekea kahawia, na namna krisotili inavyopinda mwanga hubadilika. Mchambuzi anayejua rangi za kitabuni peke yake hupotea hapo. Kama paa lako limewahi kuungua, liandike jambo hilo kwenye fomu ya sampuli, na uulize wazi kama maabara imewahi kushughulikia nyuzi zilizopata moto.

Mtihani wa maabara ni upi

Unaitwa upimaji wa umahiri, nao haupishani sana na mtihani wa taifa. Mwandaaji huchukua vipande ambavyo tayari amevithibitisha, akavigawa, akavituma kwa maabara nyingi bila majibu. Kila maabara huvichambua kama inavyochambua kazi ya wateja na kurudisha majibu kabla ya tarehe fulani. Mwandaaji husahihisha. Aliyesema "hakuna asbesto" penye krosidoliti hupata alama mbaya, aliyesema krisotili penye amositi naye hupata yake, na aliyeona asbesto kwenye kipande safi hahurumiwi. Kisha huja duru nyingine, na nyingine, mwaka hadi mwaka.

Uingereza, iliyopiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985 na nyeupe mwaka 1999, ina mpango unaoitwa AIMS kwa kutambua asbesto katika vifaa, na mwingine, RICE, kwa kuhesabu nyuzi zilizonaswa hewani. Kwa maabara zilizo nje ya nchi hiyo kuna mpango wa kuhesabu uliopewa jina AFRICA. Jina hilo ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza tu, halimaanishi bara letu. Marekani nako, sheria ya mwaka 1986 kuhusu asbesto mashuleni ilidai kwamba maabara zinazochambua vipande vya shule ziwe na ithibati. Mwalimu mkuu, hilo lilifanywa kwa ajili ya watoto wa umri wa wanafunzi wako.

Kenya haikosi mlango wa kuingilia. KENAS, taasisi ya taifa inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2019, hutoa ithibati kwa maabara kulingana na kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025. Kiwango hicho, katika toleo la 2017, kinaitaka maabara ijilinganishe na wenzake, na njia kuu ya kufanya hivyo ni mitihani ya namna hii. Waandaaji wa mitihani nao wana kiwango chao, ISO/IEC 17043.

Angalia hapa kwa makini, maana ndipo watu wanapodanganyika. Ithibati haitolewi kwa jengo. Hutolewa kwa vipimo vilivyotajwa kimoja kimoja kwenye orodha iitwayo wigo. Maabara inaweza kuwa na ithibati halali kabisa ya kupima maji ya kisima au unga wa mahindi, na nembo ikawekwa juu ya barua inayozungumzia paa lako. Omba wigo. Usome mpaka uone neno asbesto na jina la njia inayotumika, kama vile ISO 22262-1. Usipoliona, nembo ile haikuhusu.

Simu ya kwanza

Kabla ya kuuliza bei, uliza haya. Maabara yenu inashiriki mpango gani wa upimaji wa umahiri wa kutambua asbesto? Naweza kuona matokeo ya duru zote za miaka miwili iliyopita? Sema "zote", maana cheti kimoja kilichotiwa fremu ukutani chaweza kuwa kile kizuri pekee kati ya vitano. Ukiambiwa matokeo ni siri, tafuta kwingine. Namba za maabara nyingine kwenye ripoti ni siri kweli, lakini za kwao wenyewe ni mali yao na wanaweza kukuonyesha.

Uliza nani alifanya mtihani. Kuna mtindo mbaya wa kumpa mchambuzi mkongwe sampuli za mtihani, huku za wateja zikifanywa na kijana aliyeajiriwa juzi. Ni sawa na shule kumtuma mwanafunzi bora akafanye mtihani wa darasa zima. Maabara inayojiheshimu huzungusha mitihani kwa wachambuzi wote, na inaweza kukueleza mchambuzi wa paa lako alipata nini.

Uliza pia lini walianguka, na walifanya nini. Mimi humwamini zaidi anayeniambia, "Duru ile tulikosa amositi, tukagundua majimaji yetu yalikuwa yamechakaa, tukanunua mapya na kurudia sampuli zote za mwezi ule," kuliko anayeapa hajawahi kukosea. Yule wa kwanza ameonyesha kwamba mtihani ulimfundisha kitu, na kwamba aliwarudia wateja wake.

Kama aliyekuja nyumbani ni kampuni ya ushauri tu, na sampuli itapelekwa kwingine, hata ng'ambo, maswali haya yanahusu maabara itakayoangalia kwa jicho, si kampuni iliyokuja na kadi za biashara. Taka jina lake liandikwe kwenye mkataba.

Iwapo umeuziwa kipimo cha hewa baada ya paa kuondolewa, hiyo ni kazi tofauti na ina mtihani wake. Hapo hewa hupitishwa kwenye kichujio, na mchambuzi huhesabu nyuzi zenye urefu wa zaidi ya mikroni 5, upana chini ya mikroni 3, na urefu unaozidi mara tatu ya upana. Njia hiyo ya kawaida haitofautishi asbesto na pamba ya fulana, inahesabu tu. Maabara mbili zikihesabu kioo kilekile zinaweza kupishana mara mbili au zaidi, na hiyo ndiyo sababu mitihani ya kuhesabu ilianzishwa. Matokeo yake mara nyingi huandikwa kama alama z, yaani umbali wa jibu lako kutoka kwenye jibu lililokubaliwa. Kati ya -2 na +2 ni sawa, kati ya 2 na 3 ni onyo, kufika 3 au kupita, upande wowote, ni kuanguka. Maabara hodari wa kutambua vipande si lazima iwe hodari wa kuhesabu hewa, kwa hiyo omba matokeo ya kila kazi.

Mtihani unaoweza kuuandaa mwenyewe

Hili nalipenda, kwa sababu halihitaji ofisi yoyote. Kamati inapotuma sampuli, iongeze mbili za kificho.

Ya kwanza ni pacha. Bati moja litolewe vipande viwili, kila kimoja kipewe namba yake kana kwamba vinatoka nyumba tofauti. Majibu yakipishana, una jambo la kuuliza.

Ya pili ni kipande ambacho unajua hakina asbesto. Mwombe fundi akoroge saruji mpya na mchanga ndani ya mkebe safi, mbali na paa lolote la zamani. Akate uzi wa katani vipande vifupi, auchanganye humo na kumwaga bapa jembamba kama bati. Liache likauke siku kadhaa, livunje kipande, kipe namba. Maabara makini itaandika: nyuzi za mimea zimeonekana, asbesto haikugunduliwa. Ikiandika asbesto, jua kuna kibano kichafu au mtu anayekisia. Vyote hivi vilipie kama sampuli za kawaida, na matokeo yakitoka waambie maabara ulichofanya. Wenye kazi safi hawakasiriki. Sampuli mbili hazitoshi kuhukumu maabara, hilo nalo ulielewe. Zinakuonyesha tu pa kuanzia kuuliza.

Kuhusu kukata sampuli za paa lenyewe, mwite aliyefunzwa. Usimtume kijana wa mkokoteni. Bati lirushiwe maji yenye sabuni kidogo lilowe, kipande kiwe cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 20 na unene wote wa bati, kitolewe kwa koleo pale ambapo pameshameguka badala ya kutoboa. Avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, si ya kitambaa. Kipande kiingie mfuko unaofungwa, na mfuko ule ndani ya mwingine, namba ikiwa juu ya yote miwili. Palipokatwa pafutwe kwa kitambaa chenye maji na pazibwe kwa rangi nzito au gundi ya paa, na kitambaa kile nacho kifungiwe mfukoni kama taka hatari. Watoto wakae mbali mpaka kazi iishe, na anayefua asianike nguo chini ya ukingo huo siku hiyo.

Kwa wenzetu wa maabara

Najua ugumu wenu. Vipande vya mtihani kutoka ng'ambo ni asbesto halisi, na kuvipitisha kwenye forodha kunataka karatasi nyingi. Ada hulipwa kwa fedha za kigeni. Lakini kuna mambo yanayowezekana wiki hii. Tunzeni kila sampuli ya mtihani mliyokwisha kuifanya. Ikiwa na jibu lake ni hazina ya kufundishia. Kila baada ya sampuli kadhaa, mtu mwingine arudie moja bila kujua mwenzake alipata nini, na tofauti ziandikwe. Na maabara za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zinaweza kubadilishana vipande zenyewe kwa zenyewe, mara mbili kwa mwaka, hata kabla mwandaaji rasmi hajapatikana. Kinachotakiwa ni mtu mmoja wa kutunza majibu na wengine wakubali kusahihishwa.

Ripoti ikifika

Isome kwa utulivu. Iwe na namba ya sampuli kama uliyoiandika wewe, maelezo ya kipande kilivyoonekana, njia iliyotumika, aina ya asbesto iliyopatikana kwa jina, tarehe na sahihi ya mchambuzi. Ripoti inayotaja asilimia za magnesi na silika peke yake haijajibu swali lako. Mawe mengi yana mchanganyiko huohuo bila kuwa nyuzi, na madhara ya asbesto yanatokana na umbo lake. Tambua pia kwamba "haikugunduliwa" inahusu kipande kilichotumwa, si paa zima. Bati lililorudishiwa mwaka mwingine linataka sampuli yake.

Jibu likiwa ni asbesto, usikimbilie kubomoa. Kama bati ni zima, linaweza kukaa huku mkitafuta fedha na mtu mwenye leseni ya NEMA, mradi hakuna anayelitoboa, kulisugua kwa brashi au kulikata. Yaliyokwisha kuanguka yasigeuzwe ua wa kuku wala kupelekwa jaa la Dandora pamoja na taka za jikoni.

Mwisho, iombe maabara ikuwekee mabaki ya kila kipande kwa miezi sita, na iandike hivyo kwenye ripoti. Nakala moja ibaki kwa mwenyekiti, moja kwa mzee wa nyumba kumi, moja kwa mwangalizi wa jengo. Mtu akija na tingatinga na karatasi inayosema paa hilo ni salama, mtakuwa na kipande kilekile cha kupeleka kwa jicho la pili.